Vyama Vingi, Wanachama Wachache: Uhakiki wa Hoja ya Udhaifu wa Vyama vya Hiari Ulaya ya Mashariki

Kila tunapofikia somo la kuanguka kwa tawala za Kikomunisti za Ulaya ya Mashariki, darasani huzuka swali moja, na majibu hutolewa hata kabla muulizaji hajaketi. Wapo ndugu wanaosema kwamba vyama vya hiari na mashirika yasiyotafuta faida yaliyochipuka katika nchi hizo baada ya mwaka 1989 ni mirija ya ubeberu, na kwa hiyo hakuna la kuzungumza zaidi. Wapo wengine, hasa vijana waliokwisha kuhudhuria semina za wafadhili, wanaosema kwamba kabla ya mwaka huo hapakuwa na kitu. Kwamba wananchi wa huko walikuwa kama ardhi tupu, na vyama vya hiari vililetwa na mbegu kutoka nje pamoja na mbolea yake.

Majibu yote mawili yanatuepusha na kazi ya kufikiri. La kwanza linatuondolea wajibu wa kuchunguza makosa ya vyama vilivyotawala huko. La pili linafuta historia ya mamilioni ya wafanyakazi kwa kalamu moja. Ndiyo maana tumeona yafaa kukihakiki kitabu ambacho kimejaribu kulijibu swali hili kwa takwimu, na ambacho kinatajwa sana vyuoni: *The Weakness of Civil Society in Post-Communist Europe*, cha msomi wa Kimarekani Marc Morjé Howard, kilichotolewa mwaka 2003.

Hoja ya Howard ni rahisi kuieleza. Alichukua takwimu za uchunguzi wa maoni uliofanywa katika nchi nyingi katikati ya miaka ya 1990, akahesabu mtu mmoja ni mwanachama wa vyama vingapi: chama cha wafanyakazi, cha michezo, cha kanisa, cha kutunza mazingira, na kadhalika. Katika nchi zilizokuwa za Kikomunisti wastani haukufika chama kimoja kwa mtu. Katika nchi za kibepari zenye demokrasia ya muda mrefu ulizidi viwili. Hata nchi zilizotoka katika udikteta wa aina nyingine zilikuwa mbele. Kisha akaenda Urusi na ile iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, akazungumza kwa kirefu na wananchi wa kawaida. Akatoa sababu tatu: wananchi waliendelea kutoviamini vyama vya aina yoyote kwa sababu ya yale waliyoyaona chini ya utawala wa zamani, walikuwa na mitandao ya marafiki na jamaa waliokwisha kuizoea, na hawakuona haja ya kutoka nje yake, na walikatishwa tamaa na hali iliyofuata baada ya mabadiliko.

Lazima tumtendee haki mwandishi huyu. Hakuandika kitabu cha kushangilia. Wakati wenzake wengi walikuwa bado wanahesabu vyama vilivyoandikishwa na kupiga makofi, yeye aliuliza ndani ya vyama hivyo mlikuwa na nani. Hilo ni swali la kisiasa, na ni swali ambalo kada yeyote anayekwenda kukagua tawi analijua: daftari la wanachama ni jambo moja, na mahudhurio ya mkutano ni jambo jingine.

Sababu yake ya kwanza inatugusa moja kwa moja, na hatuna budi kuimeza hata kama ni chungu. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na watu wapatao milioni 16. Shirikisho lake la vyama vya wafanyakazi lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 9. Kwa hesabu ya daftari, hapakuwa na nchi ya kibepari iliyoweza kujilinganisha nayo. Mwanachama alilipa ada, akapigiwa muhuri katika kitabu chake, akapata nafasi ya kwenda likizo katika nyumba za shirikisho kando ya bahari. Lakini Septemba 1990 shirikisho hilo lilipovunjwa, mamilioni hao hawakuingia barabarani kulitetea. Walikwenda kazini, wale waliokuwa bado wana kazi.

Kwa nini? Nadharia iliyotumika ilisema kwamba vyama vya wafanyakazi ni kama mkanda unaopeleka nguvu kutoka injini hadi kwenye mashine. Mkanda wa namna hiyo unaweza pia kupeleka habari upande wa pili, kutoka kwa umma kwenda kwa Chama, na waasisi wa nadharia hiyo walilitaja hilo. Katika utekelezaji upande huo wa pili uliachwa ukaota kutu. Kiongozi wa jumuiya aliteuliwa juu, akaripoti juu, akapandishwa cheo au kushushwa kutoka juu. Hata kazi ya kujitolea iliharibiwa kwa njia hiyo hiyo. Aprili 1919, wafanyakazi wachache wa karakana ya reli ya Moscow-Kazan walibaki kazini usiku wa Jumamosi kutengeneza injini za garimoshi bila malipo, na Lenin aliandika kijitabu kuusifu mwanzo ule. Miaka sitini baadaye kazi ya Jumamosi ilikuwa na orodha ya majina, na asiyefika alijieleza kwa mkuu wake. Neno kujitolea likabaki, maana yake ikageuka kuwa kutolewa. Basi mtu aliyekulia katika hali hiyo, akipewa mwaka 1995 fomu ya kujiunga na chama cha hiari, ana sababu ya kuitazama mara mbili.

Hata hivyo, Howard analiweka jambo hili lote katika fikra. Kwake, wananchi wana kumbukumbu mbaya, na kumbukumbu hiyo inawazuia. Anapitia haraka mno msingi wa kiuchumi. Klabu ya mpira, maktaba, kwaya, shule ya watoto wadogo, kambi ya vijana ya kiangazi: katika nchi hizo mambo haya yalishikamana na kiwanda. Kiwanda kilipouzwa au kufungwa, mnunuzi hakununua kwaya. Katika Polandi, ambako mwanzoni mwa mwaka 1990 hesabu ya serikali ilikuwa haina watu wasio na kazi, hadi mwisho wa mwaka 1991 walizidi milioni mbili. Katika Urusi bei za mwaka 1992 zilipanda hata akiba ya maisha ya mzee ikawa haitoshi kununua viatu. Mama anayeuza soksi kando ya kituo cha treni baada ya saa za kazi, ili apate mkate, hana jioni ya kuhudhuria mkutano. Kuliita jambo hilo kukata tamaa ni kulifanya ugonjwa wa moyo, hali lilikuwa ugonjwa wa mfuko.

Hapo ndipo baadhi ya wanafunzi wetu hufunga daftari kwa furaha, wakidhani tumemaliza. Hatujamaliza. Howard hakuzichagua Urusi na Ujerumani ya Mashariki kwa bahati. Baada ya Oktoba 1990 Ujerumani ya Mashariki ilipata sheria za Magharibi, fedha za Magharibi, mahakama, na ruzuku kubwa ambayo Urusi haikuiota. Kama njaa peke yake ndiyo ingekuwa sababu, tofauti kati ya nchi hizo mbili ingekuwa kubwa sana katika uanachama. Haikuwa. Zote mbili zilikuwa chini. Tunaweza kujitetea kwamba hata Ujerumani ya Mashariki ilipoteza karibu theluthi moja ya ajira zake katika miaka michache, na hiyo ni kweli. Lakini utetezi huo haufuti pengo lote. Linabaki jambo ambalo uchumi wa baada ya 1989 hauwezi kulieleza, na jambo hilo limetokana na namna jumuiya za umma zilivyoendeshwa kabla yake.

Ni hapa pia ndipo tunapoliona kosa kubwa zaidi la kitabu, kosa la wastani. Katika nchi ile ile, chini ya Chama kile kile, kulikuwa na jumuiya inayoitwa Volkssolidarität, iliyoanzishwa Dresden mwaka 1945 katikati ya vifusi vya vita. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wazee chakula cha mchana, kuwatembelea wagonjwa, kuwakutanisha wajane kunywa kahawa. Nayo ilikuwa chini ya uongozi wa Chama, nayo ilikuwa na mihuri na picha ukutani. Lakini mjumbe wake alikuwa jirani anayejulikana kwa jina, anayepanda ngazi za nyumba kila wiki. Utawala ulipoanguka, Volkssolidarität haikuanguka nao. Ilipoteza wanachama wengi, ikaingia katika mfumo mpya, na hadi leo inawatunza wazee wa mashariki mwa Ujerumani. Wasomaji wetu wa Unguja, walioziona nyumba za ghorofa za Kikwajuni zikijengwa kwa msaada wa Ujerumani ile, hawatashangaa kusikia kwamba si kila kilichofanywa na nchi hiyo kilikuwa cha karatasi.

Maana yake ni kwamba wananchi hawakuzitupa jumuiya zote kwa mkupuo. Walizipima. Iliyowafikia nyumbani waliibakiza, na iliyokaa ofisini waliiacha ife. Wastani wa Howard unayaficha maamuzi hayo, kwa kuwa unaijumlisha bakuli ya supu na hotuba ya Mei Mosi katika safu moja ya hesabu.

Polandi inatuonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Wengi wetu tunaijua Polandi kwa Solidarność, iliyotokana na mgomo wa Gdańsk wa Agosti 1980 na kufikia wanachama kama milioni 10 mwaka uliofuata, kabla serikali haijatangaza utawala wa kijeshi tarehe 13 Desemba 1981. Tukae kidogo hapa. Wafanyakazi milioni 10 walijiunga na chama kisicho cha serikali katika nchi iliyodai kuwa serikali yake ni ya wafanyakazi. Kada anayeweza kuisoma sentensi hiyo bila kuguna, arudie kuisoma. Lakini kuna vyama vingine vya Polandi ambavyo havitajwi sana: vikosi vya zimamoto vya kujitolea, vipatavyo elfu 16, vingine vyenye asili katika karne ya 19. Vilikuwapo chini ya wafalme wa kigeni, vikawapo chini ya Ukomunisti, vipo sasa chini ya ubepari. Mwanachama wake ni mkulima mwenye kofia ya chuma iliyotundikwa nyuma ya mlango. Grzegorz Ekiert na Jan Kubik, walioandika mwaka 2014 kuupinga mtazamo wa udhaifu, walikuwa na haki waliposema kwamba nchi hizi hazikuanzia patupu. Zilirithi vyama vya wafanyakazi, vyama vya taaluma, makanisa na vyama vya burudani, na urithi huo ulitofautiana kati ya nchi na nchi.

Hata vyama vipya havikuzaliwa siku moja na kuvunjwa kwa ukuta wa Berlin. Sheria ya Polandi ya mifuko ya wakfu ilipitishwa mwaka 1984, na bunge la utawala wa zamani. Mwaka huo huo katika Hungaria, George Soros alikubaliana na Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo kuanzisha mfuko wake, nao ukagawa mashine za kurudufu maandishi kwa maktaba na vyuo. Waliowahi kuchapa makaratasi kwa stensili wanajua mashine moja ya aina hiyo ni nguvu kiasi gani. Na mwaka huo huo tena, bila fedha kubwa ya mtu yeyote, Wahungaria wachache waliunda Duna Kör kupinga bwawa la Nagymaros katika mto Danube. Maelfu ya watu waliandamana Budapest mwaka 1988, na Mei 1989 serikali ikasimamisha ujenzi. Tunawaomba wasomaji waziweke jumuiya hizi mbili za Hungaria kando kwa kando. Moja ililetwa na fedha, nyingine na shauri la wananchi wenyewe. Anayesema zote zilikuwa kitu kimoja, awe anashangilia au analaani, hajazichunguza.

Kilichofuata baada ya 1989 kilitegemea sana sheria, na mara nyingine ukosefu wa sheria. Urusi ilitoa mfano mbaya kuliko yote. Mfuko wa Taifa wa Michezo, na mifuko ya walemavu wa vita vya Afghanistani, ilipewa msamaha wa ushuru wa forodha ili ijitegemee. Vilivyoingizwa kwa msamaha huo ni pombe na sigara, kwa wingi wa kutisha. Mfuko wa maveterani ukagawanyika kwa kugombea biashara hiyo, na tarehe 10 Novemba 1996 bomu lililipuliwa katika makaburi ya Kotlyakovskoye, Moscow, watu wakiwa katika kumbukumbu ya kiongozi wake aliyekwisha kuuawa, walikufa 14. Hicho kilikuwa chombo kisichotafuta faida, kwa cheti.

Wacheki walichelewa lakini wakajirekebisha. Mwanzoni mtu yeyote aliweza kuandikisha mfuko wa wakfu, na ikawa maelfu. Sheria ya mwaka 1997 ilidai kila mfuko uwe na mtaji wa kweli, na maelfu yakapukutika yakabaki mamia machache. Tena walifanya jambo ambalo hatujaona likitajwa vya kutosha: katika awamu ya pili ya kubinafsisha mali ya umma, walitenga asilimia 1 ya hisa ili mapato yake yawe mtaji wa mifuko hiyo. Yaani sehemu ndogo ya jasho la wafanyakazi wa miaka arobaini iliokolewa isiingie mikononi mwa watu binafsi. Ni sehemu ndogo mno. Lakini nchi nyingine hazikuokoa hata hiyo.

Sasa tuje kwa wafadhili, maana ndipo ndugu zetu wa jibu la kwanza wanapotungoja. Ni kweli kwamba fedha nyingi za Marekani na Ulaya ya Magharibi ziliingia. Sarah Henderson, aliyechunguza vyama vya wanawake vya Urusi vilivyofadhiliwa, naye katika kitabu cha mwaka 2003, alikuta vyama vyenye ofisi, ripoti nzuri na viongozi hodari wa kuandika maombi, lakini vyenye uhusiano hafifu na wanawake waliodaiwa kuwakilishwa. Mafunzo yalitolewa na chama kimoja kwa kingine. Kiongozi alijua tarehe ya kufunga maombi kuliko alivyojua bei ya mkate katika mtaa wake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na baada ya nchi kadhaa kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 wafadhili wengi wa Kimarekani walifunga mizigo wakaelekea kwingine.

Lakini tutazame ubaya ulikuwa wapi. Kiongozi huyo aliteuliwa kwa kibali cha juu, akaripoti juu, akalipwa kutoka juu. Ndugu msomaji, hatujawahi kuukuta uhusiano huu mahali? Ni ule ule wa jumuiya za zamani. Kilichohama ni anwani ya ofisi ya juu. Ndiyo sababu haikuwa ajabu kwamba watu waliozoea kuziendesha jumuiya kongwe walijifunza upesi kuendesha mpya.

Wahungaria walijaribu njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1996, mlipa kodi anaweza kuelekeza asilimia 1 ya kodi yake ya mapato kwa chama anachokitaka, na Polandi ikafuata kwa sheria ya mwaka 2003. Hivi sasa Polandi imefika asilimia 1.5. Tunaiona njia hii kuwa bora kuliko kungojea hundi ya Washington. Upungufu wake ni kwamba haimgharimu mwananchi chochote, wala haimwiti kwenye mkutano. Katika Polandi sehemu kubwa ya fedha hiyo imekwenda kwa mifuko michache inayokusanya gharama za matibabu ya watoto wagonjwa. Nani atalaumu? Lakini mtoto mgonjwa alipaswa kutibiwa na hazina ya nchi, na chama cha hiari kikageuzwa kuwa kiraka cha hospitali.

Kuhusu dola iliyoamua kupambana na fedha za nje, tutasema machache. Urusi ilitunga sheria ya mawakala wa kigeni mwaka 2012, na mwaka 2017 ikaanzisha mfuko wa ruzuku wa Rais. Hungaria ilitunga sheria yake mwaka 2017, Mahakama ya Ulaya ikaikataa mwaka 2020, ikafutwa mwaka 2021. Wapo makada waliozishangilia sheria hizi. Tungewauliza: je, baada ya mfadhili wa nje kufukuzwa, wanachama waliongezeka? Chama kinachongojea ruzuku ya ikulu kina wanachama wale wale wachache. Na Memorial, iliyofungwa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Urusi mwezi Desemba 2021, ilianza miaka ya mwisho ya utawala wa Kisovieti kwa kuorodhesha majina ya waliouawa na kufungwa katika makambi. Kazi hiyo ilikuwa ya Chama chenyewe. Chama kilipokawia kujikosoa, wananchi walikikosoa bila kukiomba ruhusa.

Nasi tuna ukurasa wetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mkulima aliyeshuhudia mizani na ghala la chama chake vikihamishwa bila yeye kuulizwa, na miaka sita baadaye akaitwa mkutanoni kuambiwa kwamba chama ni chake, anaweza kumweleza Howard mengi kuliko takwimu zake. Hatusemi historia ya nchi hii ni ile ya Ujerumani ya Mashariki. Tunasema kwamba kada anayefundisha somo hili bila kuutaja mwaka 1976 anafundisha jiografia.

Februari 2022 vita vilipopamba moto nchini Ukraini, katika siku kumi na kitu za mwanzo zaidi ya wakimbizi milioni moja walivuka mpaka na kuingia Polandi. Waliokuwa mpakani na magari, supu na mablanketi ni pamoja na wale wazimamoto wa vijijini, na maelfu ya watu ambao katika fomu ya uchunguzi wa maoni wangejibu kwamba si wanachama wa chama chochote. Kitabu cha Howard hakina safu ya kuwaandika watu hao. Tunashauri wanafunzi wakisome hata hivyo, na waanze na yale mahojiano ya Warusi na Wajerumani kabla ya kugusa majedwali.